Lugha za seva hazihamishwi kwa amri

KIJANA mmoja niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya upili alinipigia simu majuzi, saa nne usiku na ushei.

"Mwalimu, samahani kwa kukupigia saa hizi. Nina swali la Kiswahili, lakini ni la kompyuta."

"Uliza," nikamwambia. "Saa hizi hata la hesabu nitalijaribu."

Alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. Kijana huyu hutunza mitambo ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Chama chenyewe hakina chumba cha mashine. Hukodi seva za ng'ambo na kulipa kila mwezi. Mwaka jana aliishauri bodi wahamie seva za aina nyingine, zenye prosesa tofauti, kwa kuwa kodi yake ni nafuu. Bodi ikakubali. Akaahidi kwamba kazi itaisha kwa miezi mitatu. Sasa mwezi wa tisa umeingia, kazi bado, na chama kinalipia seva za zamani na mpya kwa pamoja. Jumamosi alitakiwa kusimama mbele ya wazee wa bodi, wengi wao walimu wastaafu na wakulima, awaeleze kwa Kiswahili ni nini kinachomchelewesha.

"Wanadhani nawachezea, Mwalimu. Nikisema seva hizi zina usanifu tofauti, mzee mmoja ananiuliza kama tunajenga nyumba. Niseme nini?"

Nilimwahidi jibu. Nilipoanza kulitafuta niligundua kwamba ni historia ya lugha, tena inayofanana mno na ya Kiswahili chetu. Ndiyo maana leo nawaomba radhi waliotarajia ngeli na viambishi.

Tuanze na seva. Neno hili si geni tena nchini. Wakenya wengi tulilizoea mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipoagiza walalamishi waruhusiwe kukagua seva za tume ya uchaguzi, na "fungua seva" ikawa kauli ya mitaani. Hata hivyo, wengi tulibaki tukidhani kuwa seva ni sanduku la siri. Seva ni kompyuta tu, ila kazi yake ni kuzihudumia kompyuta na simu nyingine. Unapoangalia salio lako kwa simu, kuna seva mahali fulani inayokujibu. Na ndani ya kila seva mna prosesa, yaani ule ubongo unaotekeleza maagizo.

Je, usanifu? Mzee yule wa bodi hakukosea sana, maana msanifu majengo ndiye achoraye ramani ya nyumba. Lakini sanifu ni neno lenye maana pana: kutunga, kupanga kitu kwa ustadi. Ndilo hilo hilo lililotupa Kiswahili sanifu. Nikamwambia kijana aachane na nyumba, ashike upande wa lugha. Usanifu wa prosesa, kwa ufupi, ni lugha ambayo prosesa huzaliwa ikiijua, na haiwezi kujifunza nyingine maisha yake yote.

Programu huandikwa na binadamu kwa maneno yanayosomeka, kisha programu nyingine iitwayo kompaila huyageuza kuwa msururu wa namba. Namba hizo ndizo maagizo: jumlisha, hifadhi, linganisha, ruka uende pale. Kila familia ya prosesa ina orodha yake ya maagizo. Katika familia iitwayo x86, ambayo ndiyo iliyotawala kompyuta nyingi za mezani na seva kwa miaka mingi, namba 144 humaanisha "usifanye lolote, endelea". Katika familia ya ARM ya biti 64, agizo hilo hilo la kutofanya lolote ni 3573751839. Maagizo yote ya ARM hii yana urefu mmoja, baiti nne. Ya x86 huanzia baiti moja hadi 15.

Msomaji wa pwani atanielewa upesi. Mmvita akikwambia "ndoo" anakuita uende alipo. Mtu wa Unguja akilisikia neno hilo hilo atakuletea chombo cha maji. Sasa wazia kitabu kizima ambacho kila neno lake ni "ndoo" ya namna hiyo. Ukiichukua programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa namba za x86 ukaipa prosesa ya ARM, hivyo ndivyo itakavyoisoma.

Basi ilikuwaje lugha moja ikatawala? Mtu angedhani ilishinda kwa ubora. La, hasha.

Kampuni ya Intel ilipoitoa prosesa ya 8086 mwaka 1978, haikuwa fahari yake. Matumaini ya kampuni yalikuwa kwenye mradi mwingine mkubwa, uliokuja kuitwa iAPX 432, ambao lugha yake ilibuniwa upya kutoka msingi. Mradi huo ulikuwa unachelewa huku washindani wakikimbia. Basi 8086 ikatengenezwa haraka iwe ya kuzibia pengo, na maagizo yake yakafuata nyayo za prosesa zilizoitangulia ili walioandika programu za zamani wasihangaike sana. Fahari yenyewe ilitoka mwaka 1981, ikawa nzito na ya polepole, ikafa. Kizibo cha pengo kikaishi. Agosti mwaka huo huo wa 1981, IBM ilitoa kompyuta yake ya kibinafsi ikiwa na prosesa ya 8088, ndugu yake 8086. Kompyuta hiyo ikaigwa na kila mtu, na kila programu iliyoandikwa kwa ajili yake ikawa sababu nyingine ya kutoiacha lugha ile. Mwaka 1985 Intel ikaipanua kufikia biti 32 kwa prosesa ya 386, bila kuyatupa maneno ya zamani.

Kwenye seva, lakini, x86 ilikuwa bado mtoto wa mtaani. Miaka ya themanini na tisini seva kubwa zilikuwa za nyumba za kifahari, na kila nyumba ilikuwa na lugha yake. Sun walikuwa na SPARC, Hewlett-Packard walikuwa na PA-RISC, IBM walikuwa na POWER, Digital walikuwa na Alpha, na kulikuwa na MIPS pia. Wahandisi waliisifu Alpha ya mwaka 1992 kwa kasi yake jinsi washairi wanavyomsifu Muyaka. Lugha hizo zilibuniwa kwa falsafa mpya ya maagizo machache, mepesi, yenye mpangilio. Ukizilinganisha na x86, ilikuwa kama kulinganisha bustani na kichaka.

Kichaka kikaimeza bustani. Mambo mawili yalisaidia. La kwanza, mwaka 1995 Intel ilitoa Pentium Pro, prosesa iliyokuwa na mkalimani ndani yake. Nje ilizungumza x86 ile ile ya kale. Ndani ilivunja kila agizo kuwa vijiagizo vyepesi vilivyofanana na vya nyumba zile za kifahari. Lugha ya wazee ikabaki mdomoni, mbinu za vijana zikafanya kazi tumboni. La pili ni bei. Kompyuta za x86 ziliuzwa kwa mamilioni, hivyo zilikuwa rahisi, na mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ulikuwa wa bure. Aliyetaka seva hakuhitaji tena kwenda kupiga magoti kwa Sun. Aliokota mashine za kawaida, akaziunganisha.

Hapo ndipo ikaja amri ninayotaka kuisimulia hasa, maana ndilo somo alilolihitaji kijana wangu.

Mwaka 1994 Intel na Hewlett-Packard walitangaza kwamba wataunda kwa pamoja lugha mpya ya prosesa ya biti 64. Ikaja kuitwa Itanium. Wazo lake lilikuwa la kisomi kwelikweli. Badala ya prosesa kuhangaika kutafuta maagizo yanayoweza kutekelezwa kwa wakati mmoja, kazi hiyo ifanywe mapema na kompaila, prosesa ipokee mafungu yaliyokwisha pangwa. Wakubwa wa sekta waliamini. Compaq, iliyokuwa imeinunua Digital, ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaiacha Alpha na kuhamia Itanium. Hewlett-Packard ikaanza kuipungia mkono PA-RISC. Itanium iliua lugha za wenzake kabla haijasimama kwa miguu yake yenyewe.

Ilipotoka mwaka 2001, ilikuwa imechelewa. Kompaila zilishindwa kupanga mafungu vizuri kama ilivyotarajiwa, kwa sababu mambo mengi hujulikana tu programu inapokuwa inaendeshwa. Na programu za x86? Itanium ilizielewa, lakini kama mgeni anayesoma Kiswahili kwa kufungua kamusi kila neno. Polepole mno.

Hapo ndipo mshindani mdogo, AMD, alipofanya jambo ambalo wasomi walilidharau. Badala ya kubuni lugha mpya, aliichukua x86 ya watu wote akairefusha kufikia biti 64. Alitangaza mpango huo mwaka 1999, na Aprili 2003 akatoa prosesa ya seva iitwayo Opteron. Programu zako za jana ziliendeshwa bila kuguswa, kwa kasi kamili. Ukitaka maneno mapya, yapo. Hutaki, endelea na ya zamani. Utahama siku ukiwa tayari. Mwaka mmoja baadaye, 2004, Intel mwenyewe alilazimika kuiga lugha ya AMD katika prosesa zake za seva. Mwenye kiwanda akajifunza lafudhi ya jirani.

Itanium haikufa siku hiyo. Na hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Mashirika yaliyokwisha kuhamia kule yalikuwa na mifumo yao, mikataba yao, hifadhidata zao. Mwaka 2011 Oracle ilipotangaza kwamba haitatengeneza tena programu za Itanium, Hewlett-Packard ilikwenda mahakamani ikashinda, na mwaka 2016 Oracle ikaamriwa ilipe dola bilioni 3. Intel ilipeleka prosesa za mwisho za Itanium kwa wateja Julai 2021, na Linux ikaondoa maagizo yake katika toleo la 6.7 lililotoka Januari 2024. Lugha iliyoshindwa mwaka 2003 ilichukua miaka 20 na zaidi kuzikwa. Watu waliokwisha kuandika kitu kwa lugha fulani hawahami kwa sababu tu wameambiwa kuna nzuri zaidi, na hawahami hata wanapoambiwa ile waliyo nayo imekufa.

Wapenzi wa Kiswahili tunalijua jambo hili kutoka nyumbani. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusanifisha. Kimvita kilikuwa na hoja zake, tena nzito. Kilikuwa na ushairi wa Muyaka bin Haji, na kamusi ya Krapf, iliyochapishwa 1882, iliegemea kwacho. Lakini Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri. Kilikuwa kimefuata misafara ya biashara hadi Tabora, Ujiji na Kongo. Hakikuchaguliwa kwa sababu ni kitamu zaidi. Waulize watu wa Mvita, watakwambia. Kilichaguliwa kwa sababu wengi walikuwa tayari wanakitumia mbali na kwao. Na Kimvita nacho hakikutoweka kwa uamuzi wa mkutano. Karibu karne moja imepita, na ukishuka Mombasa leo bado utaitwa "ndoo".

Sasa tuje kwenye lugha ambayo kijana wangu anahamia, ARM.

Hii ilizaliwa mjini Cambridge, Uingereza, katika kampuni ndogo iliyoitwa Acorn, iliyotengeneza kompyuta za shule. Sophie Wilson ndiye aliyebuni maagizo, Steve Furber akaisanifu prosesa yenyewe. Prosesa ya kwanza ilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985. Furber amewahi kusimulia kwamba walipojaribu kupima umeme inaoula, mita ilisoma sufuri. Kumbe waya wa umeme wa prosesa haukuwa umeunganishwa. Ilikuwa inaendeshwa na mabaki ya umeme yaliyopenya kupitia nyaya za mawasiliano. Mwaka 1990 ikaundwa kampuni ya pekee ya kuisimamia lugha hiyo, kwa ubia wa Acorn, Apple na VLSI. Haikutengeneza prosesa. Iliuza ruhusa ya kuizungumza lugha yake. Na kwa kuwa ilikula umeme kidogo, ikaingia kwenye simu. Simu iliyo mkononi mwako unaposoma ukurasa huu karibu hakika inazungumza ARM.

Mtu angesema, basi, lugha iliyomo katika mabilioni ya simu haitashindwa kuingia kwenye seva, hasa ikizingatiwa kwamba bili ya umeme ndiyo inayowatoa jasho wenye maghala ya seva. Walijaribu. Kampuni iitwayo Calxeda, iliyoanza mwaka 2008 huko Texas, ilitengeneza prosesa za ARM za seva ikafilisika Desemba 2013. ARM ya biti 64 ilikuwa imetangazwa mwaka 2011, lakini mashine zilichelewa kufika. AMD ilitoa ya kwake Januari 2016, haikupata wanunuzi wengi. Qualcomm ilizindua yake Novemba 2017 kwa mbwembwe, na mwaka uliofuata ikajiondoa. Muongo mzima wa harusi zisizofika kwenye ndoa.

Februari 2019 Torvalds, yule yule wa Linux, alitoa hoja iliyowaudhi wengi. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba ARM haitashinda kwenye seva mradi waandishi wa programu wana x86 mezani kwao. Mtu huandikia programu mashine iliyo mbele yake, huijaribu hapo, kisha huipeleka kwenye seva inayofanana nayo. Hakuna anayependa kuandika barua nyumbani kwa lugha moja kisha aitume isomwe kwa nyingine. Ni hoja ya mwalimu wa lugha, kwa hakika: lugha hujengwa nyumbani kabla ya kupelekwa ofisini.

Alikuwa sahihi kuhusu sababu, na mambo yakabadilika hasa pale aliponyooshea kidole. Novemba 2020 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye prosesa ya M1, ambayo ni ARM, ikiwa na mkalimani wa kuziendesha programu za zamani za x86. Ghafla waandishi wengi wa programu wakajikuta wana ARM mezani. Kwa upande mwingine, Amazon, iliyoinunua kampuni ya Annapurna Labs mwaka 2015, ilikuwa imekwisha kutoa prosesa yake ya ARM ya seva iitwayo Graviton mnamo Novemba 2018, na toleo la pili lenye nguvu likatangazwa Desemba 2019. Amazon haikuhitaji kumshawishi mtu anunue mashine. Mashine ni zake, ghala ni lake. Ilitangaza tu kwamba kodi ya hizi ni nafuu. Microsoft ikafuata mwaka 2023 kwa prosesa iitwayo Cobalt, Google mwaka 2024 kwa Axion.

Kuna sababu ya tatu, isiyo na kelele. Sehemu kubwa ya programu za seva siku hizi ni huria: matini yake asilia, yale maneno aliyoandika binadamu, yako wazi. Ukiwa nayo, kuhama ni kuipitisha tena kwenye kompaila inayojua lugha mpya. Nyingine zimeandikwa kwa Java au Python, ambazo zina mkalimani wao njiani, hazijali sana prosesa iliyoko chini. Kwa hiyo uhamaji ulioshindikana mwaka 2013 umewezekana sasa bila ARM kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Kilichobadilika ni kwamba watu wameanza kutunza nakala za maneno yao.

Nikampigia kijana simu nikamweleza haya. Alisikiliza kimya. Kisha akasema, "Mwalimu, hapo penye maneno ndipo palipo na shida yangu."

Programu za chama chake ni 30 hivi. Kwa miezi miwili ya kwanza alihamisha zote isipokuwa moja. Hiyo moja ndiyo inayokokotoa riba ya akiba za wanachama kila mwisho wa mwezi. Iliandikwa zamani na kampuni ndogo ambayo imekwisha kufungwa, na chama kilipewa namba za x86 tu. Matini asilia hayapo. Hakuna aliyeyaomba wakati wa kununua.

Alijaribu kuiendesha kwa mkalimani juu ya seva ya ARM, ikawa inasuasua na mara nyingine kukwama. Akaamua kuiandika upya. Alipolinganisha matokeo ya miezi ya nyuma, hesabu za wanachama wengi zililingana, lakini za wachache zilipishana kwa senti. Senti moja, mbili. Alikaa majuma akitafuta kosa lake, hadi alipogundua kwamba huenda si kosa. Programu ile ya zamani ilitumia sehemu ya x86 inayofanya hesabu za desimali kwa biti 80 ndani kwa ndani. ARM hufanya kwa biti 64. Tofauti huwa ndogo ajabu, lakini ikifika kwenye kukata desimali, kuna akaunti itakayoangukia upande huu badala ya ule.

"Ningeweza kunyamaza, Mwalimu. Nani atalalamikia senti?"

"Ukanyamaza?"

"Hapana. Ndiyo maana ni mwezi wa tisa."

Hapo nikajua kwamba hahitaji msamiati kutoka kwangu. Alihitaji tu kuwaambia wazee jambo hilo kwa mpangilio ule ule alionieleza. Nilimwongezea mawili. Kwanza, asione haya kubaki na seva moja ya zamani kwa ajili ya programu hiyo hadi mpya ikaguliwe na kuidhinishwa. Hata Intel ilibaki na Itanium miaka 18 baada ya kushindwa. Nyumba yenye bibi asiyejua lugha ya wajukuu haimfukuzi bibi. Mmoja hukaa karibu naye akamtafsiria. Pili, awaeleze wazee kwamba lugha hizi zina wenyewe. x86 imo mikononi mwa Intel na AMD. ARM hutolewa kwa ruhusa ya malipo, na mwaka 2020 Nvidia ilitaka kuinunua kampuni yake kwa dola bilioni 40, mpango uliovunjika Februari 2022 baada ya mamlaka za ushindani kuweka pingamizi. Wahandisi wa Berkeley walianza mwaka 2010 kuunda lugha ya tatu, RISC-V, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kulipia. Kwa hiyo huu si uhamaji wa mwisho. Wajukuu wa chama hicho watahama tena, na watakachokihitaji ni maneno asilia.

Nami nimebaki na fundisho la darasani kwangu. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwafunza watoto istilahi za kompyuta zilizobuniwa mezani, kisha tunashangaa wakitoka nje ya lango wanazitupa. Intaneti ilipofika, wapo waliobuni neno "mdahalishi". Wengine walichukua neno la kale, mtandao, wakalirefusha. Leo bibi kijijini husema mtandao umepotea. Mdahalishi hujitokeza kwenye mtihani tu. La kwanza lilikuja kama Itanium, zuri, limepangwa, halina nyumba. La pili lilikuja kama Opteron, juu ya kitu ambacho watu walikuwa nacho tayari mdomoni. Sisemi tusibuni maneno. Runinga lilibuniwa na likakubalika. Nasema anayebuni ajiulize kwanza neno lake litalala wapi usiku.

Jumamosi ikapita. Jumapili jioni kijana akanipigia tena, safari hii mapema.

Wazee walimsikiliza kwa saa nzima. Hakutamka usanifu hata mara moja, alisema lugha. Habari ya zile senti ndiyo iliyowagusa. Mzee yule wa swali la nyumba, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, alitaka aonyeshwe karatasi ya hesabu zilizopishana, akazipitia moja moja kwa kidole. Bodi ikampa hadi mwisho wa mwaka na kuidhinisha kwamba seva moja ya zamani ibaki.

"Walikuuliza nini kingine?" nikamdadisi.

"Swali moja tu, Mwalimu. Yule mzee aliniuliza, hii mpya unayoiandika, maneno yake utayaweka wapi ili siku usipokuwepo tuyapate?"

"Ukamjibu vipi?"

"Nikamwambia bado yako kwenye kompyuta yangu. Akaniambia nisiondoke chumbani kabla hayajahamishwa."